Umeme wa nyumbani: nani anakagua waya zako?



Kazini hakuna mtu anayegusa mota bila kukata umeme kwanza. Tunaweka kufuli kwenye swichi, tunatundika kibao cha HATARI, tunapima, ndipo tunafungua. Ufunguo unakaa mfukoni mwa yule mwenye mikono ndani ya mashini, hata shefu hawezi kumnyang'anya. Lakini mtu huyohuyo, jioni akifika kwake Kasongo au Kabambare, anachubua waya kwa meno, anaisokota na nyingine ya rangi yoyote, anafunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki, halafu anawasha. Watoto wamesimama karibu wakingoja taa.

Sababu gani tunakuwa watu wawili? Ni kwamba kazini yuko mkaguzi, na nyumbani hayuko. Katika nchi nyingi ambako umeme unatoka kwenye waya kubwa ya serikali, mwenye kuuza umeme hawezi kukuunganisha kabla ya mtu aliyesomea kazi hiyo kuja kupima waya zako na kutia sahihi. Huko Ubelgiji nyumba inakaguliwa kabla ya kupata umeme, kisha tena kila baada ya miaka 25. Kwetu mambo ni mengine. Ile waya ndefu ya Inga, kilomita 1,700 hivi, iliyokwisha mwaka 1982, ilienda mpaka Kolwezi kwa ajili ya shaba. Kusini mwa Maniema haikupita. Hata mtambo wa maji wa mto Lutshurukuru ulijengwa kwa ajili ya migodi ya kasiteriti ya Kalima, mbali na sisi. Basi katika Kasongo na katika teritwari ya Kabambare, kila mtu amejifanyia SNEL yake mwenyewe: grupu nyuma ya nyumba, paneli ya jua juu ya mabati, batri chini ya kitanda. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 imefungua kazi ya umeme kwa watu na makampani mengine katika Kongo, na hiyo ni heri. Lakini hakuna mtu anayepita mtaani kutazama kama fizibu yako ni fizibu au ni msumari.

Umeme wenyewe haujui kama uko kambini au mtaani. Volti 220 za grupu ndogo zinaua sawa na volti 220 za kampani. Kwa hiyo ukurasa huu utaeleza sheria za kuweka waya katika nyumba na katika duka, na hasa sababu zake, maana mtu akijua sababu anaweza kujikagua mwenyewe.

SHERIA ZILIANZA NA MOTO

Sheria za kwanza za namna hii ziliandikwa London mwaka 1882, na kichwa chake kilisema wazi kwamba ni za kuzuia hatari ya moto inayotokana na taa za umeme. Tangu hapo kila nchi imeandika zake, na leo nyingi zinafuata mfano mmoja wa kimataifa unaoitwa IEC 60364. Wabelgiji waliandika kitabu chao kikubwa mwaka 1981, wakakipanga upya, na kipya kinatumika tangu tarehe 1 Juni 2020. Tunakitaja hicho kwa sababu mafundi wengi wa Kongo walijifunza kazi kwa desturi ya Kibelgiji, na hesabu zake ni rahisi kushika.

Jambo la kwanza ni unene wa waya na nguvu ya dijonkteri, yaani kile chombo kinachokata umeme chenyewe ukizidi. Waya ni kama bomba la maji, ila maji yakizidi bomba linapasuka mbele ya macho yako, na umeme ukizidi waya inapata moto ndani ya ukuta bila wewe kuona. Dijonkteri inawekwa kwa ajili ya kuilinda WAYA. Watu wengi wanafikiri inalinda televisheni. Kwa hiyo unatazama kwanza waya, halafu unachagua dijonkteri. Waya ya shaba ya milimita 1.5 ni ya taa, na dijonkteri yake haizidi ampere 16 (kama ni fizibu, ampere 10). Waya ya 2.5 ni ya priza, dijonkteri isizidi ampere 20, fizibu 16, na priza zisizidi nane juu ya laini moja. Ukitaka resho kubwa au mashini ya kuchomelea, unakwenda kwenye waya ya 4 au ya 6, tena laini ya peke yake.

Sasa tazama kosa linalofanyika kila siku. Dijonkteri inakata mara mbili, mara tatu. Mwenye nyumba anachoka, anamwita kijana, kijana anaweka nyingine ya ampere 40. Haikati tena, wote wanafurahi. Lakini dijonkteri ile ndogo ilikuwa inawaambia neno: waya hii imechoka, punguzeni mzigo. Wamemfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele.

Tena uangalie unachonunua. Sokoni ziko waya zilizoandikwa 2.5 na ndani shaba yake haifiki 1.5. Nyingine si shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Kwaruza kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, si shaba. Haibebi umeme sawa na shaba ya unene ule, na kwenye kiungo inalegea na kupata moto. Bei yake ni ndogo, hiyo ni kweli.

WAYA YA JIRANI

Katika mitaa mingi yuko mtu mwenye grupu ya nguvu anayeuza umeme kwa majirani. Ni kazi nzuri, mtoto anasoma usiku na mama anauza vinywaji baridi. Tatizo ni waya inayopita kwenye mwembe, kwenye ua wa miti na juu ya mabati, na mara nyingi ni ile nyembamba ya taa ya mezani, milimita 0.75.

Tupige hesabu. Nyumba iko mita 100 kutoka kwenye grupu. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 200. Waya ya shaba ya 0.75 kwa urefu huo inauzuia umeme kwa nguvu ya omu 4.7 hivi. Mwenye nyumba akitumia ampere 5 tu, anapoteza volti 23 njiani. Taa inafifia na friji inaungua mota. Hilo ni hasara ya mali. Hatari yenyewe ni hii: siku waya mbili zitakapogusana kule mwisho, umeme utakaopita hauwezi kuzidi ampere 47. Na mwenye grupu ya kilowati 10 au 15 ameweka kwake dijonkteri ya ampere 63, kwa sababu anauzia nyumba nyingi. Hiyo 47 kwa macho yake ni mzigo wa kawaida, haitakata. Waya ya 0.75 iliyotengenezwa kwa ampere chache itabeba 47 mpaka plastiki idondoke ikiwaka juu ya nyasi za paa.

Dawa yake haina ufundi mkubwa. Kila jirani awe na dijonkteri yake ndogo, ya ampere 6 au 10, mahali waya yake INAPOANZIA, karibu na grupu, si kule nyumbani kwake. Na waya iwe 2.5 au zaidi, iliyo nene kwa nje, juu ya nguzo zake yenyewe, isilale juu ya bati. Ngozi ya waya ikikatika juu ya bati, nyumba nzima inakuwa priza.

Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi Kibala, Kinshasa, waya ya umeme mkubwa ilikatika ikaanguka juu ya watu waliokuwa wakiuza na kununua wakati wa mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama wa sokoni. Ile ilikuwa waya ya nguvu nyingi kuliko zetu. Lakini mtu aliyekanyaga maji yenye volti 220 hana nafasi nzuri sana kuliko wale.

TERA PEKE YAKE HAITOSHI

Hapa tukae kidogo, maana hata mafundi wanakosea.

Balbu ya zamani ya wati 60 inakula ampere 0.27, yaani miliampere 270. Mwili wa mtu unasikia umeme kwenye miliampere 1. Kwenye 10 hivi misuli inajikunja, mkono haufunguki tena, ndiyo maana tunasema umeme "umemshika". Kwenye 30 na kuendelea, pumzi inasimama, na moyo unaweza kuanza kutetemeka badala ya kupiga. Mtu aliyelowa maji, anayekanyaga chini bila viatu, anaweza kupitisha miliampere 200. Kwa hiyo umeme usiotosha kuwasha balbu moja unatosha kumwua baba wa watoto sita. Dijonkteri ya ampere 16 inangoja miliampere 16,000 zizidi kabla ya kustuka. Haimwoni mtu.

Ndiyo sababu mafundi wanaweka waya ya tatu, ya rangi ya kijani na manjano, inayotoka kwenye mwili wa friji au wa mashini mpaka kwenye chuma kilichopigwa ardhini. Tunaiita tera. Rangi hiyo usiitumie kwa kazi nyingine hata siku moja. Ya buluu ni netri, na ya kahawia au nyeusi ni fazi, yaani waya ya moto. Tera inasaidia, lakini hesabu tena. Sheria ya Ubelgiji inataka tera ya omu 30 au chini yake, na hiyo ni tera nzuri. Fazi ikigusa mwili wa friji, volti 220 kwa omu 30 ni ampere 7 hivi. Dijonkteri ya 16 haikati! Friji itasimama pale jikoni na umeme wake mwilini, ikimngoja mtoto.

Anayemaliza kazi ni chombo kingine: dijonkteri ya tofauti, ile yenye kitufe kidogo cha T. Yenyewe inapima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Visipolingana, maana yake kuna umeme unaotoroka, labda kupitia mtu, nayo inakata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wachimbaji tuna haki ya kujivunia chombo hiki kidogo, kwa maana aina yake moja ya kwanza ilitengenezwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako watu walikuwa wakikufa kwa umeme ndani ya maji na giza. Leo sheria ya Ubelgiji inataka ya miliampere 300 kwenye mlango wa nyumba, na ya miliampere 30 kwa bafu na mashini ya kufulia. Kwetu tunashauri ya 30 kwa nyumba nzima kama una moja tu.

Lakini pale ambapo hakuna SNEL kuna mtego. Grupu ndogo nyingi zinatoka kiwandani bila waya yake hata moja kufungwa na ardhi. Ukiweka dijonkteri ya tofauti juu yake, haitaona kitu mtu akishikwa, kwa sababu umeme unaotoroka hauna njia ya kurudi kwenye grupu. Mtu wa kwanza hata hatasikia sana. Hatari inakuja waya moja ikishachubuka na kugusa bati au udongo mahali fulani, bila mtu kujua: anayegusa ile nyingine anapata volti zote 220. Na kitufe cha T kitakudanganya. Ukikibonyeza, chombo kitakata vizuri hata kama tera haiko kabisa, kwa maana kitufe kinajipima ndani yake tu. Basi mwite fundi anayejua, asome kitabu cha grupu, na kama inaruhusiwa aunganishe waya moja ya grupu na tera, mahali pamoja tu, kabla ya dijonkteri ya tofauti. Hiyo waya ndiyo inakuwa netri ya kweli. Kazi ya nusu saa.

Chuma cha tera kiwe cha shaba au cha chuma kilichopakwa zinki, kizame mita moja na nusu au mbili, mahali penye unyevu, kama vile pale maji ya paa yanapoangukia. Udongo wetu mwekundu ukikauka mwezi wa Julai unazuia umeme kabisa. Kwa hiyo tera ipimwe wakati wa kiangazi. Tera iliyopimwa masika inasema uongo. Wengine wanamwaga chumvi. Chumvi inasaidia miezi michache, kisha inakula chuma. Mkaa uliosagwa ni bora.

Na radi? Wataalamu walihesabu radi za dunia nzima kwa setilaiti kwa miaka 16, wakatoa orodha mwaka 2016. Ya kwanza ni ziwa la Maracaibo huko Venezuela. Ya pili Kabare, katika Kivu. Ya tatu ni Kampene, hapa Maniema, teritwari ya Pangi, jirani zetu kabisa: radi 176 kwa mwaka juu ya kila kilomita moja ya mraba. Basi tusifanye kama wageni wa jambo hili. Fremu ya paneli na mlingoti wa antena vifungwe na tera kwa waya nene inayoshuka nje ya nyumba. Hata hivyo tera haizuii yote. Wingu likianza kunguruma, chomoa antena, chomoa priza, simamisha grupu, ondoka karibu na batri. Simu inayochajiwa usiishike.

GRUPU NA BATRI

Juu ya grupu tutasema machache, kwa kuwa wote mnayajua ingawa wengi hamyafuati. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, inayolaza mtu na asiamke. Watu wanaiingiza ndani kwa kuogopa wezi. Iwe nje, mita sita au zaidi kutoka dirishani, chini ya kibanda kisicho na kuta. Kama unaogopa wezi, ifunge kwa mnyororo. Wachimbaji wanaoteremsha pompu ya mafuta ndani ya shimo wanajichimbia kaburi kwa maana kamili ya neno. Na katika kambi zenye umeme wa kampani, usithubutu kuunganisha grupu yako kwenye priza ya ukutani kwa waya yenye vichwa viwili vya kiume. Umeme wako utarudi mpaka kwenye transfo, utapanda kuwa maelfu ya volti, na fundi aliyepanda nguzo akijua imekatwa atauawa na wewe. Panatakiwa swichi ya njia mbili, ambayo haiwezi kuunganisha zote kwa mara moja.

Batri zinatudanganya zaidi. Mtu anasema: "Ni volti 12, haishiki mtu." Kweli, haishiki. Inachoma nyumba. Konvertisa, yaani chombo kinachogeuza volti 12 kuwa 220, ikitoa wati 1,000 inanyonya kwenye batri ampere zaidi ya 83, kama vile nyumba kubwa nzima. Waya yake iwe ya milimita 25 angalau, fupi, mita moja au mbili, na vichwa vilivyobanwa kwa nguvu. Fizibu ya nguvu ikae kwenye nguzo ya chanya ya batri yenyewe, sentimita chache tu kutoka hapo. Ufunguo ukianguka juu ya nguzo mbili unageuka mwekundu papo hapo. Batri za maji zinatoa gesi inayolipuka wakati wa kuchajiwa: hapana kuziweka chumbani, hapana kibiriti, hapana sigara. Na swichi ya kawaida ya ukutani usiitumie kukata laini kubwa ya batri au ya paneli. Umeme wa batri hauna mapumziko. Ukikatwa pole pole, cheche haizimiki bali inaendelea kuwaka ndani ya swichi.

Yule anayechaji simu za watu dukani ana mzigo mdogo: simu 40 hazifiki wati 500. Hatari yake iko kwenye ralonji tatu zilizochomekwa moja juu ya nyingine, zimefunikwa na nguo, na fundi cherehani wa jirani anayeomba apige pasi "dakika mbili tu." Pasi moja ni wati 1,000 mpaka 2,000. Ibandike bei ya pasi ukutani, iwe kubwa, hatarudi.

MTU AKISHIKWA

Usimguse. Kata kwanza: zima grupu, chomoa, teremsha dijonkteri. Kama huwezi, simama juu ya ubao mkavu, umsukume waya kwa mti mkavu. Chuma hapana, mti mbichi hapana.

Mwite. Asipojibu na asipopumua sawasawa, mlaze chali mahali pagumu, weka mikono miwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, sentimita 5 mpaka 6, haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Ukijua kupuliza, kila baada ya mara 30 pulizia pumzi mbili mdomoni, pua ukiwa umeibana. Usipojua, kandamiza tu bila kuacha, mkabadilishane. Wako wanaosema afunikwe na udongo ili umeme utoke, au anyweshwe maziwa. Umeme ulikwisha kutoka zamani. Udongo unamnyima pumzi na maziwa yanamziba koo.

Palipoungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala asali. Halafu mpeleke hospitali, hata kama ameamka na anasema hana neno, hata kama alama ya kidole ni ndogo sana. Umeme unaungua ndani zaidi kuliko nje, na moyo uliotikiswa unaweza kuharibika saa kadhaa baadaye, usiku, amelala. Mwambie mganga ni volti ngapi, alishikwa muda gani, na umeme uliingia wapi na kutokea wapi.